Steve Spagnuolo: zaidi ya miaka 40 ya kufundisha ulinzi, kufukuzwa kazi, na Super Bowl nne mkononi

#1 ShiftiYaUsiku

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahidi muda mrefu kule jukwaa la michezo, nikawa napiga danadana sababu ya kazi. Leo nimetoka shifti, nimeoga, chai iko pembeni, tuanze.

Mimi naishi Kansas City tangu 2017. Nilikuja huku sijui chochote kuhusu huu mpira wao wa mayai (American football), niliuona kama vurugu, watu wanagongana sekunde tano halafu wanasimama nusu dakika kupanga mambo. Kilichonifungua macho si kotabeki, yule anayerusha pasi, wala magoli, ni mzee mmoja wa pembeni ya uwanja anaitwa Steve Spagnuolo, kocha wa difensi (ulinzi) wa Chiefs, timu ya hapa, wachezaji na mashabiki wanamwita Spags. Nimefuatilia maisha yake ya kazi mpaka nimeona nisipoyaandika kwa Kiswahili yataniuma.

Kwa wasioujua mchezo kabisa, nieleze haraka haraka. Timu moja ina vikosi viwili tofauti, 11 wa kushambulia na 11 wa kuzuia, mpira ukibadilisha mikono wanatoka wote wanaingia wengine. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, wakifika wanapewa mengine manne, wasipofika wanaachia mpira. Mwisho wa safari ni tachidauni, pointi 6, au wakikwama karibu wanapiga mpira upite kati ya nguzo, pointi 3. Kila jaribio ni kama kona au faulo kwenye mpira wetu, yaani ni mpango uliochorwa, na kila mpango wa kushambulia una mpango wa kuuzuia. Anayechora ile mipango ya kuzuia ndo kodineta wa difensi. Huyu si msaidizi wa kubeba koni wakuu. Ana makocha wake chini yake, wa mstari wa mbele, wa lainibeka (wanaosimama nyuma ya huo mstari), wa mabeki wa nyuma, na kwa dakika 60 yeye ndo anaamua watu 11 wafanye nini.

Sasa Spagnuolo. Amezaliwa Desemba 1959 Massachusetts, mpira kacheza chuo kidogo cha Springfield hukohuko, tena alikuwa mshambuliaji, mpokea pasi. Hakuwahi kucheza NFL, ligi yao kuu, ambayo fainali yake ndo Super Bowl. Mwaka 1981 akaanza ukocha chuo kikuu cha Massachusetts kama msaidizi mwanafunzi, ile kazi ambayo unasoma shahada ya pili huku unakata mikanda ya video, unapanga vifaa, unachora michoro ya timu pinzani usiku kucha na malipo yake ni ya kununulia sabuni. 1983 akaenda Washington kama mwanafunzi wa kazi upande wa kusaka wachezaji. Halafu Lafayette. Halafu Connecticut. 1992 akavuka bahari kwenda Barcelona, kulikuwa na ligi ya Ulaya ambayo Wamarekani waliianzisha. Akarudi chuo cha Maine, akaenda Rutgers, akaenda Bowling Green, 1998 akarudi tena Ulaya, safari hii Frankfurt.

Hesabu hapo. Ni timu zisizopungua tisa, miaka 17, na jina lake halijulikani na mtu yeyote nje ya hizo timu. Alishapita miaka 38. Huku kwetu ukiwa na umri huo na umehama kazi mara tisa wazee wanaitisha kikao cha familia.

Ngoja niweke kituo, naendelea chini.

#2 Kipanga wa Mabibo

Nimeweka kambi mkuu. Tiririka.

#3 dada_Rehema

Mimi huo mchezo siujui ila hiyo ya kuhama mara tisa imenigusa. Alikuwa anafukuzwa au anahama mwenyewe?

#4 ShiftiYaUsiku

Dada Rehema, vyuoni huko kazi ya kocha msaidizi imefungwa kwenye kamba ya kocha mkuu. Bosi akitimuliwa, benchi zima la ufundi linabeba mabegi, hata kama mabeki wako walikuwa bora ligi nzima. Kwahiyo ukiona CV ya kocha wa Kimarekani ina vituo kumi usimhukumu haraka. Na ndo maana kule watu wanashikana sana, kazi nyingi zinapatikana kwa mtu aliyewahi kufanya na wewe miaka kumi iliyopita na anakumbuka ulivyokuwa unafanya kazi.

Twende 1999. Andy Reid kapewa timu ya Philadelphia Eagles, anaanza upya, anakusanya vijana. Spagnuolo akaingia kama msaidizi wa difensi tu, ngazi ya chini. Ila angalia alikuwa na nani kwenye hilo benchi: John Harbaugh, Ron Rivera, Leslie Frazier, na kijana Sean McDermott, wote hawa baadae wamekuwa makocha wakuu NFL. Na juu yao kwenye difensi alikuwepo mzee Jim Johnson.

Hapa naomba nikae kidogo kwasababu bila Jim Johnson hakuna huu uzi. Huyu mzee alikuwa fundi wa blitzi. Blitzi ni pale unapotuma watu wengi kuliko kawaida kumvamia kotabeki kabla hajarusha. Hatari yake inaeleweka, ukituma watu sita mbele, nyuma wanabaki watano na yule kotabeki akiwahi kurusha umekwisha. Kwahiyo makocha wengi waliitumia kama dawa ya mwisho. Johnson yeye aliifanya chakula cha kila siku, ila kwa ujanja: anawasimamisha lainibeka wawili katikati kabisa, puani mwa wazuiaji, kotabeki anaona wanakuja wote wawili, anapanga watu wake kwa hesabu hiyo, mpira ukianza mmoja anarudi nyuma na anayekuja kweli ni beki wa pembeni ambaye hakuna aliyemhesabu. Yaani vita inapiganwa kwenye kichwa cha kotabeki kabla mpira haujaanza.

Spagnuolo alikaa chini ya huyu mzee miaka minane. Miwili msaidizi, kuanzia 2001 kocha wa mabeki wa nyuma, 2004 Rivera alipoondoka kwenda Chicago yeye akachukua lainibeka. Unaona anavyozunguka vyumba vyote vya nyumba? Mtu akishafundisha mabeki na lainibeka anajua lugha ya wote, anajua beki anaogopa nini pale lainibeka anapoondoka mbele yake.

Januari 2007 New York Giants wakampa difensi yote. Miaka 26 tangu aanze ukocha ndo anakabidhiwa ufunguo wa kwanza wa NFL. Ana miaka 47.

#5 Mkongwe_wa_Jangwani

Mkuu hongera kwa uzi ila tuseme ukweli, huyu mzee kabebwa na Mahomes, kotabeki wa Chiefs. Ukiwa na kotabeki kama yule hata mimi nabeba Super Bowl. Nimeishi Ohio miaka 11, huu mpira naujua.

#6 ShiftiYaUsiku

Mkongwe heshima yako kaka, na hilo nimelisikia sana hata kantini kazini. Ila naomba nikujibu na 2007 ambapo Mahomes alikuwa darasani kwao Texas, shule ya msingi.

Msimu unaanza, Giants ya Spagnuolo inakula pointi 45 Dallas. Wiki ya pili 35 na Green Bay. Pointi 80 mechi mbili! Magazeti ya New York unayajua hayana huruma. Wiki ya tatu wapo Washington, wanaongoza 24 kwa 17, dakika za mwisho Washington wako yadi moja kutoka kwenye mstari na wana majaribio ya kutosha. Wakazuiwa. Mechi ikaisha hivyohivyo. Wachezaji wengi wa kikosi kile wanasema imani ilianzia pale. Wiki ya nne nani anakuja? Philadelphia. Timu yake ya zamani, bosi wake Reid, mwalimu wake Johnson upande wa pili. Giants wakamwangusha kotabeki wao Donovan McNabb mara 12 usiku mmoja! Osi Umenyiora peke yake mara sita. Ikaisha 16 kwa 3.

Kumbuka huyu Osi ni mtoto wa wazazi wa Kinigeria, kazaliwa London, utoto wake kaishi Nigeria kabla ya kwenda Alabama. Leo ndo sura ya NFL huku Afrika.

Sasa fainali, tarehe 3 Februari 2008, Glendale, Arizona. New England Patriots wana ushindi 18 bila kupoteza hata mmoja. Msimu ule wamefunga pointi 589, rekodi ya ligi kwa wakati ule, kotabeki wao Tom Brady karusha pasi 50 za tachidauni, nayo rekodi. Wiki tano kabla walishakutana na Giants mechi ya mwisho ya msimu, Patriots wakashinda 38 kwa 35. Yaani Spagnuolo alishafungwa pointi 38 na hawahawa.

Alichokifanya ni kuweka watu wa mbio kila mahali. Justin Tuck alikuwa mtu wa pembeni, akamwingiza katikati mbele ya wazuiaji wazito wasioweza kumfuata, pembeni wakabaki Michael Strahan na Osi. Kwahiyo hakulazimika kutuma watu wengi kila mara, wanne walitosha, na saba wanabaki nyuma kukaba. Na pale anapotuma zaidi anatuma kutoka mahali ambapo sekunde mbili kabla palikuwa pametulia. Brady kaangushwa mara 5 na kagongwa mara nyingi zaidi ya hapo. Timu ya pointi karibu 37 kwa mechi ikapata 14. Giants 17, Patriots 14.

Hapo Mahomes yuko wapi kaka?

#7 Mkongwe_wa_Jangwani

Hiyo 2008 nakubali, ile mechi niliangalia. Sikujua ni yuleyule mzee. Lakini St. Louis alikuwa kocha mkuu na alifeli vibaya, hilo nalo lisemwe.

#8 Otieno_254

Wasee, kuna kitu mmeruka kwa hiyo Giants ya 2007. Kulikuwa na Mathias Kiwanuka. Huyo ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye jaji mkuu, yule aliuawa 1972 enzi za Amin. Mathias alizaliwa Indianapolis, Giants wakamchukua raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji 2006 akiwa mtu wa mstari wa mbele. Spagnuolo alipofika akamgeuza kuwa lainibeka kwa sababu mbele kulikuwa kumejaa, Strahan, Osi, Tuck. Akavunjika mguu Novemba, fainali akaikosa uwanjani. Damu ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya ile difensi.

Na sisi Kenya tulikuwa na Daniel Adongo, mtu wa raga, 2013 timu ya Colts wakamsajili kama lainibeka, alikuwa hajawahi kucheza huo mchezo maisha yake yote. Hiyo pia ni kazi ya kocha wa difensi, kumfundisha mtu mzima lugha mpya kutoka herufi ya kwanza.

#9 ShiftiYaUsiku

Otieno asante sana, la Kiwanuka nilikuwa nimelisahau na nina aibu maana jirani yangu hapa ni Mganda na huwa anamtaja. Lile la kumgeuza mtu nafasi ndo Spagnuolo mwenyewe, anaangalia mtu anaweza nini, jina la nafasi baadae.

Mkongwe, nakuja St. Louis, sikwepi.

Baada ya ile fainali Washington walimtaka awe kocha mkuu, akajitoa, akabaki Giants mwaka mwingine. 2009 akakubali St. Louis Rams. Misimu mitatu: ushindi 1 na vipigo 15, halafu 7 na 9, halafu 2 na 14. Jumla 10 kwa 38. Ule msimu wa katikati walikuwa mechi moja tu kutoka kushinda kundi, wakaenda Seattle siku ya mwisho wakafungwa 16 kwa 6. Januari 2012 akapigwa chini. Na Julai 2009, kabla hata hajacheza mechi yake ya kwanza ya ukocha mkuu, mwalimu wake Jim Johnson alifariki kwa saratani.

Mimi sioni sababu ya kuzipamba hizo namba. Ni mbaya. Timu ilikuwa dhaifu tangu kabla yake na iliendelea kuwa dhaifu baada yake, ila namba ni zake.

Na kuna mbaya zaidi. 2012 akaenda New Orleans Saints kuongoza difensi. Mwaka ule klabu ilikuwa kwenye msiba wake yenyewe, ligi ilikuwa imegundua mpango wa kulipana pesa kwa kuumiza wapinzani, kocha mkuu Sean Payton kafungiwa msimu mzima. Spagnuolo akaingia kwenye nyumba inayoungua. Difensi yake ikaruhusu yadi 7,042, nyingi kuliko timu yoyote katika historia ya NFL. Historia nzima! Wakamfukuza baada ya mwaka mmoja.

Kwahiyo hapa tuna mtu mmoja, miaka mitano, kaizuia timu iliyokuwa na mashambulizi makali kuliko zote na kaongoza difensi iliyovuja kuliko zote.

#10 dada_Rehema

Ee Mungu wangu. Mimi ningeacha nikafuge kuku. Alipata wapi kazi tena?

#11 ShiftiYaUsiku

Kwa Harbaugh, dada. Unamkumbuka yule wa benchi la Philadelphia 1999? 2013 alikuwa kocha mkuu wa Baltimore Ravens na ametoka kubeba Super Bowl. Akamchukua Spagnuolo kama msaidizi mwandamizi, bila kikosi chake, mwaka wa pili akampa mabeki wa nyuma. Yaani mtu aliyekuwa kocha mkuu akarudi kuwafundisha mabeki wanne namna ya kugeuza kiuno. Na hakununa.

2015 Giants wakamrudisha. Mwaka wa kwanza difensi ikawa ya mwisho ligi nzima kwa yadi. Klabu ikatoa pesa, wakaja Olivier Vernon, Damon Harrison na Janoris Jenkins, mwaka 2016 difensi ileile ikawa ya pili kwa kuruhusu pointi chache. Kwahiyo kocha bila wachezaji hana maajabu, hilo nakubali kabisa, lakini pia kuna timu nyingi zinanunua wachezaji na haziwaunganishi. 2017 mambo yakaharibika, kocha mkuu katimuliwa Desemba, Spagnuolo akashika kwa muda mechi nne, kashinda moja. Msimu ukaisha, uongozi mpya hawakumhitaji.

Sasa 2018. Hii sehemu ndo inanifanya nimpende huyu mzee. Hana timu. Anatimiza miaka 59. Angeweza kupumzika na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikuwa anakwenda New Jersey kwenye ofisi za NFL Films, zile zinazotunza picha za mechi zote, anakaa chumbani anaangalia video. Msimu mzima. Bila mshahara wa timu, bila mchezaji wa kumfundisha, anaangalia mashambulizi ya ligi yamebadilika vipi, hawa vijana wapya wanarusha vipi, mapengo yako wapi.

Mimi mwaka huohuo nilikuwa nimesimamishwa kazi kwenye ghala moja hapa, miezi minne niko ndani, naangalia dari. Nilikuja kujua habari yake baadae sana na nikajiuliza miezi yangu ile niliitumia kwenye nini.

#12 KochaMsaidizi_Moro

Wakuu nimesoma kimya kimya toka juu. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya vijana ya mpira wa miguu huku Morogoro, mwaka wa sita sasa, nashughulika na ukuta. Kila mtu anayenijua ananiuliza swali moja, "utakuwa lini kocha mkuu?" Wazazi, shemeji zangu, mpaka wachezaji. Mwaka juzi timu moja, sitaitaja, walinipa ukocha mkuu. Nilikaa wiki 14. Kuongea na viongozi, kutafuta nauli, kupanga nani alale wapi, waandishi wa redio. Mabeki niliwasahau kabisa. Tukafungwa mfululizo nikaondolewa. Nilirudi kuwa msaidizi nikiwa naona aibu hata kupita sokoni.

Naomba uniambie kule kwao mtu kama huyu anaonekanaje? Anaonekana ameshindwa?

#13 ShiftiYaUsiku

Kocha, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Pole kwa yaliyokukuta.

Nakujibu kwa ninavyoona huku. Kodineta wa difensi kule ni ufundi unaojitegemea. Mtu anaweza kuwa bingwa wa hiyo kazi mpaka anazeeka na akatajwa kwenye historia. Mtazame Dick LeBeau, Cincinnati kama kocha mkuu alishinda mechi 12 akapoteza 33, akarudi Pittsburgh kuongoza difensi akabeba Super Bowl mbili. Wade Phillips kafukuzwa ukocha mkuu, kaja kuwa kodineta wa difensi ya Denver iliyobeba Super Bowl ya msimu wa 2015. Vic Fangio, Denver hukohuko, misimu mitatu kama kocha mkuu, 19 kwa 30, wakamwondoa. Hawa si watu walioshindwa kupanda. Ile ya juu ni kazi nyingine kabisa. Kocha mkuu anashinda kwenye vikao, na wenye timu, na waandishi, na watu 53 wenye matatizo ya nyumbani kwao. Kodineta anashinda kwenye chumba cha video. Wiki 14 zako zilikuonyesha kazi ambayo siyo yako, ya kwako ilikuwa inakusubiri palepale ukutani.

Kansas City sasa. Januari 2019, Chiefs wako mechi moja kutoka fainali, nyumbani. Na hapa Mkongwe usikilize: Mahomes alikuwepo. Msimu ule karusha pasi 50 za tachidauni, mchezaji bora wa ligi. Wakafunga pointi 31 na wakafungwa 37 na Patriots kwenye muda wa nyongeza, Mahomes amekaa benchi hajagusa mpira hata mara moja kwenye ule muda. Nilikuwa kwa rafiki yangu mmoja Mkongo, watu wazima wanalia. Siku mbili tu baadae kocha wa difensi kaondolewa. Reid, ambaye sasa alikuwa kocha mkuu wa Chiefs, akapiga simu kwa mtu aliyemjua tangu 1999, Spagnuolo.

Mwaka wake wa kwanza, Super Bowl. Ya kwanza kwa Chiefs baada ya miaka 50. San Francisco waliongoza 20 kwa 10 robo ya mwisho na hawakupata pointi nyingine, ikaisha 31 kwa 20. Februari 2023 tena, Glendale, uwanja uleule aliomfunga Brady miaka 15 nyuma, wakawafunga Philadelphia 38 kwa 35, na Nick Bolton wa difensi kafunga tachidauni kwa mpira uliodondoshwa. Februari 2024 tena, Las Vegas.

Huo msimu wa 2023 ndo nautaja kwa wanaosema kabebwa. Mashambulizi ya Chiefs yalikuwa yanasuasua, wapokeaji wanadondosha mipira, Mahomes ananuna. Difensi iliruhusu pointi 294 mechi 17, ya pili kwa uchache. Mtoano: Miami 7, usiku wa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mimi kope ziliganda kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Buffalo 24. Baltimore, kwao, 10. Fainali San Francisco 22 na hapo kuna muda wa nyongeza. Safari hii difensi ndo ilimbeba Mahomes.

Na akawa kodineta wa kwanza katika historia ya NFL kubeba Super Bowl nne. Tatu zake amezibeba Missouri, jimbo lilelile alilofukuzwa, St. Louis ni mwendo wa saa nne kwa gari kutoka hapa nilipo.

#14 Mkongwe_wa_Jangwani

Ile ya Mahomes kukaa benchi kwenye muda wa nyongeza imenimaliza, nakubali. Ila useme na 2025. Fainali New Orleans, Eagles 40 Chiefs 22. Na kodineta wa Eagles alikuwa Fangio huyohuyo uliyemtaja. Hakutuma blitzi hata moja, watu wanne tu wanakwenda, na Mahomes kaangushwa mara sita. Kama Giants ya 2008 vile, ila sasa Spagnuolo yuko upande wa pili.

#15 ShiftiYaUsiku

Umesema vizuri kuliko mimi kaka. Iliniuma sana siku ile lakini ni kweli, dawa ileile.

#16 KochaMsaidizi_Moro

Asante mkuu. Nina swali la kiufundi. Hii ya kumdanganya anayeshambulia kabla mpira haujaanza, anawafundisha vipi? Maana mimi vijana wangu nikiwaambia wajifiche wanajisahau wanakuwa nje ya nafasi.

#17 ShiftiYaUsiku

Hapo ndo ulipo ugumu, na ninavyoelewa mimi ni hivi. Kwanza kila mtu lazima ajue kazi ya mwenzake, kwasababu nikijifanya nakwenda na wewe ndo unakwenda, tukikosea mmoja kuna mlango uko wazi. Ndo maana wachezaji wapya wanateseka mwaka wa kwanza kwake na difensi zake mara nyingi zinakaza kadri msimu unavyokwenda, Septemba zinavuja Januari zinabana. Pili, udanganyifu una muda wake. Ukihama mapema kotabeki anakusoma, ukichelewa hufiki unapotakiwa. Wanafanya mazoezi ya hatua, unaweza kudanganya hatua ngapi na bado ukafika.

Halafu mawasiliano. Mchezaji mmoja wa difensi ana redio kwenye helmeti, kodineta anaongea naye, inakatika sekunde 15 kabla ya muda wa kuanza mchezo kwisha, baada ya hapo wako wenyewe. Hiyo redio ya difensi ilikuja 2008. Kabla ilikuwa ishara za mikono, na mwaka 2007 ndo Patriots walikamatwa wanarekodi ishara za difensi ya New York Jets, wakapigwa faini kubwa na kunyang'anywa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji.

Mfano mzuri ni ile fainali ya Las Vegas. Dakika mbili zimebaki, 16 kwa 16, San Francisco jaribio la tatu, yadi 5. Makocha wengi hapo wanarudisha watu nyuma. Spagnuolo akamtuma Trent McDuffie, beki wa pembeni, akaja mbio hajaguswa na mtu, karuka kapiga pasi ya kotabeki Brock Purdy kwa mkono. Wakaambulia pointi 3 badala ya tachidauni. Chiefs wakasawazisha, mengine mnayajua. Ni ileile ya Jim Johnson, anakuja yule usiyemhesabu.

#18 Otieno_254

Hiyo play niliiona live asubuhi na mapema Nairobi, nikachelewa kazi. Sikujua ina babu yake Philadelphia.

#19 dada_Rehema

Mume wangu kaniuliza nasoma nini mpaka ugali umepoa. Nimemwambia habari za mzee mmoja wa Massachusetts.

#20 KochaMsaidizi_Moro

Wakuu narudi na mrejesho, leo Jumamosi. Nimewapanga mabeki wangu wanne na kiungo mkabaji. Nikawaambia beki wa kulia ajifanye anabaki nyuma, mpinzani akipokea mpira pembeni, kiungo anaziba nyuma yake na beki anapanda ghafla. Mara nne za mwanzo kiungo alisahau kuziba, tukafungwa magoli mawili ya mazoezi. Nikawabadilishia kazi, beki akacheza kiungo, kiungo akacheza beki, nusu saa nzima. Waliporudi kwenye nafasi zao walinyang'anya mipira sita.

Kocha mkuu kaniomba tuirudie Jumanne. Mkuu ShiftiYaUsiku, kama una video za ile difensi ya 2007 nielekeze, nina bando la usiku.